Mashine ya kupasua magogo kwa trekta ndogo: njia nne na namna ya kuchagua

Mtu akienda kuulizia mashine ya kupasua magogo, swali la kwanza dukani huwa moja: ni ya tani ngapi? Muuzaji anaonyesha stika. Tani 15, tani 22, tani 30. Bei inapanda kufuata stika, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba tani nyingi ndizo uhakika. Kwa mwenye trekta ndogo, yaani ya nguvu farasi 20 hadi 50, swali la tani linafaa liwe la tatu au la nne. La kwanza ni hili: trekta yangu inasukuma lita ngapi za mafuta ya haidroliki kwa dakika? La pili: wakati mashine inapasua, je, trekta hiyo hiyo inatakiwa iwe inavuta trela mahali pengine?

Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha aina nne za mashine ninazozilinganisha hapa. Namwandikia mkulima wa nyanda za juu, awe Limuru, Kericho, Njombe au Mufindi. Ana ekari kadhaa za mikaratusi, miwati au misindano, anauzia shule za bweni, viwanda vya chai au wachoma matofali, na trekta anayo tayari kwa kulima na kubeba. Mkaratusi wenyewe uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kulisha injini za reli ya Uganda, kwa hiyo kuuchoma si jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi wa sasa anataka kuni zilizopasuliwa na kukauka. Kuni mbichi ambayo nusu ya uzito wake ni maji hutoa takriban megajuli 8 kwa kilo moja. Ikikauka hadi kubaki na maji asilimia 20 hivi, hutoa karibu 15. Gogo zima lenye gome hukaa na maji yake kwa miezi mingi, lililopasuliwa hukauka mapema zaidi. Faida ya mashine inaanzia hapo.

Vigezo vya kupimia

Anza na mti. Mkaratusi mbichi, uliokatwa wiki hii, hupasuka vizuri kuliko ule uliolala juani miezi sita. Ukisimama karibu na mashine utaona: kabari inagusa gogo, maji yanatoka povu pembeni mwa chuma, kisha ufa unakimbia mbele ya kabari kwa mlio mkavu. Vipande viwili vinaachana, lakini bado vimeshikana kwa nyuzi ndefu zilizojisokota, na kabari inabidi iendelee hadi mwisho kuzikata. Nyuzi hizo ndizo sababu mashine fupi, ile ambayo kabari yake huishia katikati ya gogo, humchosha mtu anayepasua mkaratusi ilhali inamfaa anayepasua msindano ulionyooka. Mgrivelia ni mpole. Mwati ni mgumu ila huwa mwembamba. Vifundo na panda za mti wowote ndivyo vinavyodai tani.

Kisha urefu. Kiwanda cha chai hupokea kuni kwa mita za ujazo zilizopangwa, na gogo la mita moja ndilo rahisi kupanga na kupima. Jikoni mwa shule sentimita 60 hutosha, na jiko la nyumbani halihitaji zaidi ya 40. Mashine ya kupasua sentimita 60 ukiitaka ifanye kazi ya mita moja, utakuwa unageuza kila gogo upande wa pili na kulipasua mara mbili.

Tatu, trekta yenyewe. Kitabu chake kina mistari miwili ya kutafutwa: nguvu farasi kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine nyingine), ambayo huwa pungufu ya ile ya injini, na mtiririko wa haidroliki kwa dakika. Trekta nyingi za farasi 25 hadi 40 zinazouzwa sasa hutoa lita 20 hadi 35. Pampu ya asili ya Massey Ferguson za ukoo wa 35 na 135, ambazo bado zinalima kila kona ya Afrika Mashariki, haifiki lita 20. Kumbuka pia kwamba namba hiyo ni ya injini ikiwa kwenye kasi yake kamili. Ukipasua trekta ikinguruma polepole ili kuokoa dizeli, mafuta nayo yanapungua.

Nne, muda wa mzunguko mmoja, yaani kabari kwenda na kurudi. Hapa naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa maana ndiyo itakayokuokoa dukani. Silinda ya kipenyo cha inchi 4, ikipewa presha ya PSI 2,500 (PSI ni pauni kwa inchi ya mraba), husukuma kwa takriban tani 14. Silinda ya inchi 5 kwa presha hiyo hiyo husukuma tani 22. Lakini silinda nene inakunywa mafuta mengi. Kwa mwendo wa sentimita 60, ya inchi 4 inahitaji karibu lita 5 kwenda. Ya inchi 5 inahitaji lita 7.6. Kurudi ni pungufu kidogo, kwa sababu chuma cha pistoni kimeshachukua nafasi. Sasa chukua trekta inayotoa lita 17 kwa dakika. Na silinda ya inchi 4, kwenda na kurudi ni kama nusu dakika. Na ya inchi 5, ni sekunde 50. Trekta inayotoa lita 30 hufanya kazi hiyo kwa sekunde 18 na 28. Kwa hiyo mwenye trekta kongwe akinunua tani 22 anakuwa amenunua kusubiri. Kwa mkaratusi mbichi wa kipenyo cha sentimita 30 hivi, tani 12 hadi 15 zinatosha mara nyingi, na panda zilizokataa unaziweka pembeni.

Vilivyobaki ni usalama, matunzo na spea, na bei. Bei sitaitaja kwa shilingi, maana inategemea chuma, ushuru na fundi, ila nitasema ipi iko juu ya ipi.

Njia ya kwanza: mashine inayotumia haidroliki ya trekta

Inavyofanya kazi. Ni chuma cha muundo wa I, kabari, silinda moja na vali yenye mkono. Haina injini wala pampu wala tangi. Hozi mbili zinaingia kwenye matundu ya nyuma ya trekta, moja ya kupeleka mafuta na moja ya kurudisha. Fundi mmoja wa hozi Nakuru huwauliza wateja wote swali lile lile kabla hajakata hata sentimita: "Mzee, trekta yako ni gani, na nyuma ina matundu mangapi?" Ana haki ya kuuliza. Trekta ya kisasa huwa na matundu mawili au zaidi yaliyo tayari. Massey za zamani mara nyingi zina njia moja tu ya kutoa mafuta, iliyokusudiwa kuinua tipa ya trela, na njia ya kurudisha inabidi itengenezwe.

Nguvu na kasi. Nguvu inategemea silinda uliyochagua, kasi inategemea trekta yako. Hesabu ya hapo juu ndiyo hukumu. Ujanja mmoja husaidia sana: kama magogo ni ya sentimita 40, usiirudishe kabari hadi mwisho, iache irudi kiasi cha gogo linalofuata kuingia, na mzunguko unapungua kwa theluthi moja hivi.

Gharama na matunzo. Ndiyo rahisi kuliko zote za haidroliki, na ndiyo inayotengenezeka vizuri zaidi kwa fundi wa jua kali. Kariobangi, Thika, Moshi au Mbeya utapata anayejua kuchomelea chuma kizito na kutumia blade ya greda kama kabari. Ukimletea silinda ya mtumba kutoka kwenye ekskaveta, pitisha kucha kwenye chuma chake king'avu. Ukihisi vishimo au mikwaruzo, ikatae, kwa sababu itakula sili kila msimu. Jambo la kuangalia kuliko yote ni usafi. Katika trekta nyingi mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo yanayolainisha giaboksi na difu. Hozi iliyoburutwa kwenye vumbi na kuchomekwa bila kufutwa inapeleka mchanga kwenye moyo wa trekta. Nunua vifuniko vya hozi, na uvitumie. Halafu pima mafuta silinda ikiwa imejaa, kwa sababu lita kadhaa zitakuwa zimehamia huko.

Usalama. Mwendo wake wa polepole ni baraka kwa anayejifunza. Hakuna shafti inayozunguka.

Inamfaa nani. Mwenye trekta ya kisasa yenye lita 25 na kwenda juu, anayepasua siku chache kwa mwezi, na ambaye trekta yake haina kazi nyingine siku hizo. Inamfaa pia mwenye trekta kongwe anayepasua kuni za nyumbani na za jirani, asiye na haraka.

Njia ya pili: mashine ya PTO yenye pampu yake

Inavyofanya kazi. Inabebwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta. Shafti ya PTO inazungusha pampu iliyo kwenye mashine, na mafuta yanakaa kwenye tangi la mashine yenyewe. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na pampu nyingi hutaka kasi zaidi ya hiyo, kwa hiyo katikati huwekwa giaboksi ndogo ya kuzidisha mara 3. Nyingine hutumia pampu kubwa iliyoundwa kwa 540 moja kwa moja.

Nguvu na kasi. Hapa ndipo mwenye Massey ya zamani anapopata nafuu. Trekta ile ile iliyokuwa ikitoa lita 17 kwa haidroliki yake, ina farasi za kutosha kwenye PTO kuendesha pampu ya lita 40. Kusukuma lita 40 kwa PSI 2,500 kunahitaji kama farasi 15 kwa hesabu tupu, na 18 hivi ukiweka upotevu wa pampu na giaboksi. Trekta ya farasi 25 inaweza, ingawa itakuwa inakoroma kwenye panda ngumu. Ya 35 haishtuki. Silinda ya inchi 5 inakwenda na kurudi kwa sekunde 21 au 22. Sasa zile tani 22 zina maana, maana zinakuja kwa wakati.

Gharama na matunzo. Ni ghali kuliko ya kwanza, kwa sababu umenunua pampu, giaboksi, tangi na filta. Faida yake kubwa ambayo watu huisahau ni kwamba mafuta yake hayachanganyiki na ya trekta. Hozi ikipasuka, unapoteza mafuta ya mashine tu, na uchafu wake unabaki kwake. Tangi dogo ndiyo kasoro ya mashine nyingi za bei nafuu: kama pampu ni ya lita 40 kwa dakika na tangi ni la lita 20, mchana wa jua mafuta yatachemka, yatakuwa mepesi, na nguvu itashuka. Mafundi wengi hulenga tangi lenye ujazo wa karibu dakika moja ya pampu. Dizeli nayo ihesabu: trekta ya farasi 35 kwa kazi ya namna hii hunywa kati ya lita 2 na 4 kwa saa, na saa zote hizo zinaingia kwenye umri wa injini yako.

Uzito pia unataka kufikiriwa. Mashine ya kilo 300 ikining'inia nyuma ya trekta ndogo hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele, na kwenye miteremko ya Kinangop au Kitulo usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Weka vyuma vya uzito mbele.

Usalama. Shafti ya PTO inayozunguka bila kinga ya plastiki ni muuaji. Inashika upindo wa koti au leso, na mara 540 kwa dakika maana yake ni mara 9 kwa sekunde. Hakuna mtu aliye mwepesi kiasi hicho. Kinga ikivunjika, nunua nyingine kabla ya kazi ya kesho. Kagua pia urefu wa shafti kabla ya siku ya kwanza: inua na ushushe mikono ya trekta polepole uone kama shafti inabanana au inachomoka.

Inamfaa nani. Mwenye trekta kongwe yenye mtiririko mdogo lakini injini nzima. Anayefanya biashara ya kuni kwa ratiba, anayepeleka kiwandani magogo ya mita moja, na ambaye anaweza kuitenga trekta kwa siku nzima.

Njia ya tatu: mashine yenye injini yake, inayovutwa na trekta

Inavyofanya kazi. Ina injini ndogo ya petroli, au dizeli kwa zilizo kubwa, pampu, tangi na magurudumu mawili. Trekta inaivuta hadi msituni na kuiacha huko. Pampu yake mara nyingi ni ya hatua mbili: kabari ikiwa haijakutana na upinzani, pampu inamwaga mafuta mengi kwa presha ndogo na kabari inakimbia, ikigonga gogo na presha kupanda, pampu yenyewe inabadili na kutoa mafuta machache kwa presha kubwa. Ndiyo maana injini ya farasi 6.5 inaweza kusukuma tani 20 na zaidi.

Nguvu na kasi. Pampu ya kawaida ya injini hiyo hutoa kama lita 40 kwa dakika katika hatua ya kwanza, kwa hiyo kwa magogo laini mzunguko wake unalingana na ule wa PTO. Kwa mkaratusi wenye nyuzi, unatumia muda mrefu zaidi katika hatua ya pili, ile ya polepole. Na hapa kuna jambo ambalo brosha za nje hazikuambii kwa sauti. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Limuru iko mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo robo ya nguvu imepotea kabla hujavuta kamba: farasi 6.5 za Mombasa ni chini ya 5 huko juu. Ukiishi nyanda za juu, chukua injini kubwa hatua moja kuliko ile anayoisifia muuzaji wa pwani.

Gharama na matunzo. Inaweza kuwa ghali kuliko zote ikiwa ni kubwa, lakini kwenye matumizi ina unafuu: injini ndogo hunywa kati ya lita moja na mbili za petroli kwa saa. Injini za muundo wa Honda GX200, za cc 196, na nakala zake nyingi, ndizo zinazoendesha pampu za maji vijijini, kwa hiyo plagi, kabureta na kamba ya kuwashia utavipata hata kwenye duka la soko la wiki. Kabla hujalipa, angalia kama ina matairi ya kweli ya barabarani au vigurudumu vya uani. Njia ya shambani iliyokatwa na mvua haiwezekani kwa vigurudumu.

Usalama. Haina PTO, na hilo ni jambo kubwa. Ila injini ndogo ina kelele karibu na sikio la mpasuaji siku nzima, na moshi wake haufai ndani ya banda.

Inamfaa nani. Kila mtu ambaye trekta yake ina kazi. Fikiria siku ya kuvuna: vijana wawili wanapasua bondeni, trekta inapanda na trela iliyojaa, inashusha, inarudi. Ukiwa na mashine ya PTO, kazi hizo mbili zinasubiriana. Inawafaa pia wanaokodisha, na vikundi vya wakulima, kwa kuwa hata asiye na trekta anaweza kuivuta kwa pikapu.

Njia ya nne: koni ya PTO

Inavyofanya kazi. Ni chuma chenye umbo la koni na nyuzi kama za parafujo, kinachozungushwa na PTO. Ncha inang'ata gogo, nyuzi zinajivuta ndani, na unene wa koni unalipasua. Hakuna mafuta, hozi wala silinda.

Nguvu na kasi. Kwa msindano au mgrivelia ulionyooka ni ya haraka kuliko zote. Gogo linafunguka kwa sekunde chache. Kwa mkaratusi uliojisokota au panda, koni huingia na kukwama, na kuitoa ni kazi ya shoka na subira.

Gharama na matunzo. Ni nafuu kuliko zote nne. Ina beringi, ncha inayobadilishwa, na grisi. Trekta ya farasi 20 inaitosha, na mtiririko wa haidroliki hauihusu.

Usalama. Hapa lazima niseme wazi. Koni haisubiri mkono wa vali. Inazunguka muda wote PTO inapozunguka. Gogo fupi lisilokaa sawa kwenye kizuizi linaweza kuanza kuzunguka nalo na kumpiga mtu. Glavu, shuka, mikono mirefu ya sweta, vyote ni hatari karibu nayo. Ulaya kuna kiwango chake cha usalama, EN 609-2, kilichotengwa na kile cha mashine za kabari, EN 609-1, kwa sababu hatari zake ni za aina nyingine. Ukiichagua, iwe na meza imara, kizuizi cha kuzuia gogo lisizunguke, na swichi ya kuzima injini ambayo mpasuaji anaifikia bila kusogea.

Inamfaa nani. Mtu mmoja mzoefu, anayepasua mwenyewe, miti iliyonyooka, magogo marefu yanayolala vizuri. Haimfai mwenye vibarua wanaobadilika kila siku, na haifai mahali watoto wanapopita.

Yanayohusu zote

Ajali nyingi za mashine za kabari hutokea watu wawili wanapofanya kazi ya mmoja: huyu anapanga gogo, yule anavuta mkono wa vali, na kidole kinabaki katikati. Kanuni iwe kwamba anayeshika gogo ndiye anayeshika vali. Mashine zenye mikono miwili, ambazo kabari haisogei mpaka mikono yote iwe imeshika, hupunguza sana tatizo hilo, na kama bajeti inaruhusu, hicho ndicho kipengele cha kulipia kabla ya tani za ziada.

Jambo la pili ni hozi inayovuja. Gurudumu la gari hujazwa kama PSI 30. Hozi hii ina 2,500. Tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta yanayopenya ngozi bila hata kuonekana kidonda kikubwa, na ndani yanaozesha nyama. Usitafute mvujo kwa kidole. Pitisha kipande cha katoni. Na mtu akipigwa na mafuta hayo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya presha, hata kama haumwi sana.

Tatu, kabari ya njia nne. Inapendeza, kwa kuwa pigo moja hutoa vipande vinne, lakini inahitaji nguvu zaidi sana. Kwa silinda ya inchi 4 iache kwa msindano. Iwe ya kuchomoa.

Kwa hali yako

Kama una Massey ya zamani na unauzia kiwanda cha chai kila mwezi, angalia ya PTO yenye pampu yake, silinda ya inchi 5, tangi la lita 40 na mwendo wa mita moja. Haidroliki ya trekta hiyo itakuchosha.

Kama trekta yako ni mpya, ina matundu mawili nyuma na lita 30 kwa dakika, na unapasua kwa ajili ya nyumba, mifugo na jikoni mwa shule ya kijiji, usinunue pampu ya pili. Ya haidroliki ya trekta yenye silinda ya inchi 4 itakutosha, na salio la fedha linunue hozi nzuri na vifuniko.

Kama trekta moja ndiyo inalima, inabeba na kukodishwa kwa majirani, chagua yenye injini yake. Ukiwa juu ya mita 1,800, ongeza ukubwa wa injini, au tafuta ya dizeli kama mpo kikundi na mnaweza kuchangia.

Kama bajeti ni ndogo na miti ni misindano au migrivelia, linganisha koni na mashine ya jua kali ya haidroliki. Tofauti ya bei kati yao si kubwa kama ilivyo kati ya hizo na nyingine mbili. Mahali pa vibarua wengi, mimi ningemshauri mtu asubiri msimu mmoja aongeze fedha kuliko kuweka koni.

Kama bado huna uhakika wa soko, kodi kwanza. Peleka magogo yako mwenyewe, mabichi na makavu, pamoja na panda chache mbaya, na uombe kupasua kwa saa moja trekta yako ikiwa ndiyo inayoendesha. Hesabu vipande, gusa tangi uone joto lake baada ya saa hiyo, kisha ndipo uzungumze bei.